Betri 'imejaa' lakini haijashiba: Jinsi kitenzi kimoja kilivyotugharimu pesa za bonasi

Msomaji mmoja wa safu hii aliniandikia majuzi akitaka nimwamulie ubishi: tuseme "kuchaji betri" au "kutia betri moto"? Jibu lenyewe ni jepesi. Yote mawili ni Kiswahili. "Moto" ndilo neno tulilokua nalo sisi wa umri wangu. Betri za tochi zilipoishiwa na moto tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu za kumalizia safari moja ya chooni usiku. "Chaji" limetuzoea zaidi kupitia simu za mkononi, na limekwisha kukubalika kiasi cha kunyambulika kama neno la nyumbani: chaji, chajisha, chajiwa. Sina ugomvi nalo.

Kitenzi kilichonikosesha usingizi ni kingine kabisa, tena hakuna anayekishuku kwa sababu ni cha Kibantu halisi na kila mtoto anakijua. Ni "kujaa". Kitenzi hiki kilimaliza betri nyumbani kwa mama yangu, na leo nataka kueleza kilivyozimaliza.

Mama anaishi upande wa Silibwet, Kaunti ya Bomet, ambako kila mteremko umevaa majani chai. Nyaya za stima ziliishia kwa jirani. (Hapa nitachepuka kidogo: "stima" Kiswahilini ilikuwa meli ya moshi kabla sisi Wakenya hatujaigeuza kuwa kile ambacho Watanzania wanakiita umeme. Meli ilitia nanga, jina likapanda mlima.) Kwa kuwa stima haikufika, mdogo wangu, ambaye ndiye anayechunga boma, alitaka sola. Shida yake haikuwa taa. Alitaka friji ya kuhifadhia maziwa ya jioni. Yeyote aliyefuga ng'ombe anajua kwamba maziwa ya asubuhi hufika kwa karani yangali na joto la kiwele, ilhali ya jioni hulala, na yakilala vibaya hukataliwa. Mkulima hurudi nayo nyumbani, akawape ndama na mbwa.

Basi bonasi ya chai ya Oktoba ilipotoka, mama alitoa sehemu kubwa ya malipo yake, nami nikaongeza. Tulinunua paneli nne, kidhibiti cha chaji, inveta na betri mbili za volti 12, kila moja ya ampea-saa 200. Kijana mmoja fundi wa huko kwetu akazifunga. Alipomaliza aliniita stoo, akanionyesha taa ndogo ya kijani kwenye kidhibiti. "Prof, mkiona kijani, betri imejaa. Hakuna kazi nyingine."

Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya raha. Mwaka ulipotimia, inveta ilianza kulia saa kumi za alfajiri. Kabla ya mwaka wa pili kwisha ilikuwa ikilia saa saba za usiku, na maziwa yakakataliwa mara tatu katika wiki moja. Kila siku adhuhuri taa ilikuwa kijani. Kila siku mdogo wangu alinipigia simu na kuniambia, "Lakini betri imejaa!" Fundi mwingine aliyeitwa alitazama ile taa, akatikisa kichwa, akasema betri zilikuwa bandia na tungoje bonasi nyingine tununue mpya.

Nami si mhandisi. Shahada zangu zote ni za lugha. Hata hivyo nilipochukua kijitabu kilichokuja na kile kidhibiti, nikakisoma kama ninavyosoma tasnifu ya mwanafunzi, yaani kwa kalamu nyekundu na shaka, niliona kwamba hakikuzungumzia kujaa kwa namna moja. Kilitaja awamu tatu, kila moja na jina lake. Ya kwanza iliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya shehena, kitu kwa wingi. Ya pili kwa neno la kufyonza. Ya tatu, kwa neno la kuelea. Fundi wetu alikuwa amezikunja zote tatu ndani ya "imejaa". Simlaumu. Ndilo neno tulilompa.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Vitenzi vya hali kama jaa, shiba, choka na lala vikipewa kiambishi -me- havielezi tu tendo lililopita. Vinaeleza hali iliyopo sasa. "Mtoto amelala" ni kusema kwamba yuko usingizini wakati huu. "Debe limejaa" ni kusema kwamba ukiongeza, utamwaga. Ndiyo maana mtu akisikia "betri imejaa" huiacha, kwani kuongeza ni kumwaga. Kwa debe la maji hilo ni kweli. Kwa betri ya risasi na asidi si kweli, na sababu yake inaonekana vizuri zaidi kwenye kibuyu kuliko kwenye debe.

Sisi Wakipsigis hugandisha maziwa ya mursik katika kibuyu, sotet, chenye mdomo mwembamba. Aliyewahi kumimina maziwa humo anajua kinachotokea ukimimina kwa pupa. Povu hupanda shingoni, likafika mdomoni, na kwa macho kibuyu kimejaa. Kumbe ndani bado kuna nafasi. Mama hafanyi pupa. Akiona povu limefika mdomoni hupunguza, akamimina kijitone kwa kijitone kwa kadiri povu linavyotulia, mpaka maziwa yenyewe, si povu, yafike shingoni. Kisha hufunika. Hizo ndizo awamu tatu za kuchaji betri.

Sasa tuingie ndani ya betri. Aina hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na umbo lake la msingi halijabadilika sana. Kila chumba cha betri kina mabamba ya aina mbili, moja la risasi (ndiyo, risasi ile ile ya bunduki na ya mabomba ya zamani) na jingine la oksidi ya risasi, yote yakiwa ndani ya asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Chumba kimoja hutoa takribani volti 2, kwa hiyo vyumba sita hufanya betri tunayoiita ya volti 12. Betri inapotumika, asidi huingia katika mabamba na kuyageuza kuwa chumvi inayoitwa salfati ya risasi, na majimaji yaliyobaki huwa mepesi, yanakaribia kuwa maji matupu. Unapoichaji, mambo hurudi kinyume: chumvi huvunjika, asidi hutoka katika mabamba na kurudi majini, na majimaji huwa mazito tena. Kwa hiyo shibe ya betri imo katika mabamba na katika uzito wa maji yake.

Na volti? Volti ni msukumo unaoupima mdomoni, kwenye vichwa viwili vya betri. Hapo ndipo povu lilipo. Mkondo unapoingia kwa wingi, asidi hutoka kwanza kwenye uso wa bamba. Uso huo unakuwa na asidi kali, msukumo unapanda, na kipimo kinasoma kama betri iliyojaa, ilhali moyo wa bamba bado ni chumvi tupu. Inabidi asidi ya ndani itambae na kutoka kupitia vitundu vidogo vya bamba, na safari hiyo haiharakishwi kwa kusukuma.

Betri ya gari haiteseki sana kwa hili. Mabamba yake ni membamba na mengi, kwa sababu kazi yake ni kutoa nguvu kubwa kwa nukta chache ili injini iwake, kisha jenereta ya gari hurudisha kilichotoka. Betri za sola za aina niliyoitaja hapo juu zimetengenezwa kwa mabamba manene, ili ziweze kutumika usiku kucha, zishuke hadi nusu ya nguvu zake na kupanda tena kesho yake, mwaka baada ya mwaka. Waingereza wanaziita kwa jina la mzunguko wa kina. Mimi napendelea "betri za mzamo", kwa kuwa huzama na kuibuka kama mpiga mbizi. Bamba nene ndilo linaloipa betri ya mzamo pumzi ya kukaa chini, na bamba hilo hilo ndilo linaloifanya ichelewe kushiba. Anayeichaji betri ya mzamo kama betri ya gari humwondoa mpiga mbizi majini na kumzamisha tena kabla hajavuta pumzi.

Awamu ya kwanza, basi, ni ya kumimina. Kidhibiti huachilia mkondo wote ambao paneli zinaweza kuutoa. Kwetu, kukiwa na jua kali, hiyo ilikuwa karibu ampea 40, kiasi kinachofaa kwa akiba ya ampea-saa 400. Volti hupanda polepole, kutoka 12 na ushei hadi kiwango kilichowekwa, ambacho katika kijitabu chetu kilikuwa 14.4. Zikifika hapo povu limefika mdomoni. Betri ina kama asilimia 80 tu ya nguvu zake. Na hapo ndipo taa yetu ilikuwa imegeuka kijani zamani; tena niligundua kwamba haikungoja hata 14.4. Iliwaka kijani mara tu volti zilipopita 13 na kitu.

Awamu ya pili ni ya kijitone kwa kijitone. Kidhibiti hushikilia volti pale pale, 14.4, wala hazipandi tena, na betri yenyewe ndiyo huamua itavuta mkondo kiasi gani. Mwanzoni huvuta ampea 35 au 40, baada ya saa moja 20, kisha 12, kisha 8. Kadiri moyo wa bamba unavyogeuka ndivyo kiu inavyopungua. Mkondo ukishuka hadi ampea 4 hivi kwa akiba kama yetu, yaani ampea moja kwa kila ampea-saa 100, betri imemaliza kweli. Robo hiyo ya mwisho ya safari inaweza kuchukua saa mbili, tatu, hata nne, muda ambao pengine unapita ule uliotumika kumimina sehemu kubwa ya mwanzo. Hakuna njia ya mkato. Ukipandisha volti ili uharakishe, hujazi bamba. Unapasua maji yawe hewa za hidrojeni na oksijeni, ambazo hutoka na vipovu, na hidrojeni ikikutana na koroboi stoo itakuaga dunia.

Awamu ya tatu ni ya kufunika kibuyu. Volti hushushwa hadi 13.5 hivi, kiasi cha kuziba nguvu ndogo inayojivujia yenyewe, bila kuchemsha maji ya betri. Betri inaweza kukaa hapo siku kadhaa bila madhara.

Kinachotokea betri isipopata awamu ya pili ndicho kilichotupata. Ile chumvi iliyobaki moyoni mwa bamba haikai ikisubiri. Siku za kwanza ni laini na huvunjika kwa urahisi. Ikiachwa wiki na miezi huganda, fuwele zake hukua na kuwa ngumu, na mwisho haivunjiki tena hata ukiichaji mchana kutwa. Sehemu hiyo ya bamba imekufa. Kesho yake betri ni ndogo kidogo kuliko jana, kwa hiyo "hujaa" upesi zaidi, na mwenye nyumba hufurahi kwamba siku hizi taa ya kijani huwaka mapema! Mdogo wangu aliwahi kuniambia hivyo kwa fahari: betri inajaa saa nne asubuhi. Kibuyu kilichojaa mawe nacho hujaa upesi.

Nilinunua mjini kipimo ambacho mafundi wa magari hukiita haidromita, bomba la kioo lenye kijiboya ndani. Unanyonya maji ya betri, kijiboya kinaelea, unasoma namba. Tulizima kila kitu saa kumi na mbili jioni, tukaziacha betri zitulie saa tatu, kisha tukapima. Betri kamili yenye maji ya aina yetu husoma karibu 1.265. Ya kwanza ilisoma 1.190, ambayo ni nusu. Ya pili, vyumba vitano vilikaribia hapo na cha sita kilisoma 1.150. Hiyo ni jioni ya siku ambayo taa ilikuwa kijani tangu asubuhi.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akitazama. Akauliza kwa Kikipsigis kwa nini tunapima betri kwa kifaa cha karani wa maziwa. Nilitaka kumsahihisha, nikaona kwamba mimi ndiye wa kusahihishwa. Laktomita ya karani nayo huelea ndani ya maziwa, na ikizama kuliko kawaida karani anajua kwamba maziwa yametiwa maji. Maziwa safi husoma karibu 1.030, maji matupu ni 1.000. Kanuni ni ile ile. Nilipomweleza kwamba betri zetu zilikuwa na maji mengi na asidi kidogo, alicheka. "Basi hata betri zimetiwa maji," akasema. Akaongeza kwamba karani hajawahi kupokea maziwa kwa kutazama tu kama kopo limejaa.

Nimekaa na maprofesa wenzangu katika makongamano mengi kuhusu istilahi na sikumbuki mchango ulioenda moja kwa moja shabahani kama huo.

Nilipojua tatizo, niliuliza kwa nini hapa kwetu awamu ya pili haikamiliki. Jibu lilikuwa juu ya kichwa. Katika nchi hii ya chai, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda vilima vyetu mchana, na siku nyingi za mwaka kufikia saa nane au saa tisa alasiri wingu limefunga, radi inanguruma, pengine na mvua ya mawe inayokwangua majani chai. Hiyo mvua ndiyo inayolisha chai. Hiyo hiyo ndiyo iliyoua betri. Paneli zilimimina tangu saa tatu asubuhi, zikafikisha povu mdomoni saa saba, na saa nane, kijitone cha kwanza kikitakiwa, jua likafunikwa. Siku baada ya siku. Kisha giza lilipoingia, friji na televisheni zikaanza kunywa.

Tena fundi alikuwa amefunga paneli upande wa paa uliokuwa karibu na stoo, ili kuokoa waya. Upande huo unatazama magharibi. Kwa hiyo tulikuwa tumelitegea mgongo jua la asubuhi, ambalo ni letu kwa hakika, na kulitazama jua la alasiri, ambalo ni la mawingu. Mama, ambaye amechuma chai miaka hamsini na anajua asista, yaani jua, kwa saa na kwa msimu, hakuulizwa.

Kosa la tatu lilikuwa la baridi. Ile 14.4 ya kijitabu imepimwa kwa betri yenye joto la nyuzi 25. Betri baridi ni mvivu, inahitaji msukumo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ile ile. Kijitabu kilisema iongezwe takribani milivolti 24 kwa kila nyuzi inayoshuka chini ya 25. Stoo ya mama asubuhi, na sakafu yake ya saruji, haipiti nyuzi 15. Nyuzi kumi mara milivolti 24 ni robo ya volti. Betri zetu zilihitaji 14.6 na kitu, zikapewa 14.4. Kidhibiti kilikuwa na tundu la kuchomeka waya wa kupimia joto. Waya wenyewe tuliukuta ndani ya sanduku, ungali umefungwa kwa plastiki yake.

Sasa nirudi kwenye maneno, maana msomaji anaweza kudhani nimehamia idara ya uhandisi. Nimependekeza kwa yule kijana fundi, ambaye tumeelewana vizuri na anataka kujua, kwamba awaambie wateja wake vitenzi vitatu: kujaza, kushibisha, kutunza. Awamu ya kwanza inajaza. Ya pili inashibisha. Ya tatu inatunza.

Nimechagua "kushibisha" badala ya tafsiri ya moja kwa moja ya kufyonza kwa sababu mbili. Kwanza, ufyonzaji hausemi umekwisha lini, ilhali mtu aliyeshiba hujulikana: anapunguza tonge, kisha anaacha mwenyewe. Ndivyo mkondo unavyofanya. Pili, wakulima wetu tayari wanasema shamba limeshiba maji au bado halijashiba, na wanajua kwamba mvua ya kishindo hulowesha juu tu, na kwamba ile ya manyunyu ndiyo hushibisha. Mtu anayejua hilo hahitaji kufundishwa awamu ya pili. Anahitaji kuambiwa tu kwamba betri ni shamba.

"Kuelea" nalo nililikataa, ingawa lina historia yake. Zamani katika vituo vya umeme na vya simu, betri iliunganishwa sambamba na jenereta, ikawa haitoi wala haipokei sana, ni kama imeelea juu ya mkondo wa wengine. Kwa Mwingereza picha hiyo inaeleweka. Fundi wetu alipolitafsiri kwa mteja mmoja, mteja alifungua vifuniko vya betri kutafuta kilichokuwa kikielea. "Kutunza" halina makuu, lakini halimpeleki mtu kuchungulia asidi.

Kuna awamu ya nne ya mara moja moja, kwa betri za kutiwa maji pekee, ambapo volti hupandishwa kwa makusudi hadi 15 na ushei kwa saa chache ili vyumba vyote vilingane na maji mazito yaliyotuama chini yachanganyike na mepesi ya juu. Hiyo naona "kusawazisha" linatosha. Betri zilizozibwa zisifanyiwe hivyo kamwe. Haziwezi kutiwa maji yaliyopotea.

Wapo watakaoniambia ninunue betri za lithiamu niachane na haya yote. Ni kweli kwamba betri ya lithiamu haidai kushibishwa kila siku, tena haidhuriki ikilala nusu. Pesa zake ndizo sina, na wengi wanaonisoma hawana. Zaidi ya hayo, atakayenunua lithiamu akaacha kidhibiti kikiwa kimepangwa kwa risasi ataniandikia barua nyingine baada ya miaka miwili.

Tulipeleka betri zote mbili kwenye duka la fundi lenye stima, zikachajiwa moja moja kwa chaja inayojua awamu zake, bila haraka, siku nne. Ya kwanza ilipanda hadi 1.255. Haikurudi kuwa mpya lakini ilifaa. Ya pili, kile chumba cha sita hakikutoka 1.160, na betri moja mbovu ikifungwa na nzima huivuta nayo chini, kwa hiyo tuliiuza kwa uzito wa risasi yake. Paneli zimehamishiwa upande wa mashariki wa paa. Waya wa joto umechomekwa. Televisheni haiwashwi mchana kabla betri haijashibishwa, jambo lililozua kesi ndogo na wajukuu. Friji inafanya kazi kwa betri moja mpaka bonasi itoke, na maziwa ya jioni yamepokelewa wiki tano mfululizo.

Na yule kijana fundi ananiambia ameanza kuandika kwa kalamu ya rangi juu ya kila kidhibiti anachofunga: "Usitazame kijani. Tazama ampea zishuke." Nimemwomba aongeze jina la mahali, kwa sababu namba za Bomet si za Mombasa. Stoo yenye nyuzi 35 huko pwani inataka 14.2 au pungufu, na atakayenakili 14.6 yetu atachemsha betri zake zikauke kabla ya mwaka kwisha.